MASHINE YETU YA ALIZETI NA BEI YA DOLA

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani.)



Mashine ya kukamua alizeti tuliyokubaliana kununua inatoka China, na bei yake mpaka bandari ya Dar es Salaam ni dola 14,000. Wengi wameuliza, hizo ni shilingi ngapi? Inategemea siku. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600. Haya, tupige hesabu kama tunavyopiga ubaoni kwenye kisomo. Kwa 2,300 mashine ni shilingi 32,200,000. Kwa 2,600 ni 36,400,000. Chuma ni kile kile, lakini milioni nne na laki mbili zimeongezeka! Kila mmoja azigawanye kwa bei aliyouzia gunia lake, ataona ni magunia mangapi.

Mzee mmoja ameuliza, mbona Mchina asipokee shilingi zetu? Swali zuri. Shilingi yetu kule kwake hainunui hata kiberiti. Dola zinaingia nchini kwa dhahabu, kwa korosho, kwa kahawa, kwa watalii. Zikiingia chache, wanaozitaka wanagombania na bei inapanda. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1986, dola ilipotoka kama shilingi 17 ikafika 40 kwa mara moja.

Tena, bei inayosomwa redioni siyo tutakayolipa. Benki ina bei ya kununua dola na bei ya kuuza. Sisi tunanunua, kwa hiyo tunauziwa kwa ile ya juu. Ikizidi kwa shilingi 20 tu, kwa dola 14,000 ni 280,000. Ndiyo maana kamati iulize benki mbili au tatu kabla ya kukubali. Na kuna ada ya kutuma. Fedha zikipita benki ya katikati, nayo inamega chake, muuzaji anapata pungufu, halafu anazuia mzigo. Kwenye fomu tuandike kwamba ada zote tunabeba sisi.

Sasa jamani, kuna mtu amepita hapa eti ana dola za bei nafuu, apewe fedha mkononi. Tumemkatalia. Hana leseni, hana stakabadhi. Akipotea tutamdai wapi?

Pia tangu Machi 2025 Serikali imekataza kuuziana kwa fedha za kigeni humu nchini. Basi wakala wa kutoa mzigo bandarini akitutajia dola, tumwambie ataje shilingi. Kumlipa muuzaji aliye nje kwa dola, kupitia benki, hakuna kosa.

Malipo yatakuwa mara mbili. Kwanza dola 4,200, halafu 9,800 tukishaona nakala ya hati ya shehena, kwamba mashine imo melini. Hapo katikati dola ikipanda shilingi 100, tunaongeza 980,000. Wapo wanaosema tungoje ishuke. Sisi tunaona tusibahatishe. Mavuno hayangoji, na mwaka jana tuliuza mbegu kwa bei ya hasara, tukanunua mafuta dukani. Afadhali tufungue akaunti ya dola na kuzinunua zote sasa, ziwe zinakaa huko huko benki. Zikishanunuliwa, bei ipande ishuke, 9,800 ni 9,800.

Jambo jingine. Ikija barua kwenye simu kusema muuzaji amebadilisha namba ya akaunti, asitumiwe hata senti. Kwanza apigiwe kwa namba ile ya zamani. Wezi wa siku hizi wanapenda sana mlango huo.

Ushuru na kodi, kama vipo, tutalipa kwa shilingi mzigo ukifika, lakini navyo vinahesabiwa kutokana na ile bei ya dola. Kamati itauliza mapema kama mashine ya namna hii ina msamaha.

Jumatatu wataenda benki Mwenyekiti, mtunza hazina na mama mmoja mjumbe wa kamati, wote watatu, siyo mmoja. Stakabadhi zitasomwa kwa sauti Jumamosi saa nane mchana hapa ghalani. Waliobakiza michango walete kabla ya Ijumaa jioni.