Kipimo cha VVU Kikitoka Hasi

Madaktari wa Johannesburg wanaijua vizuri nimonia ya fangasi iitwayo Pneumocystis jirovecii. Wameijulia kwenye Ukimwi. Afrika Kusini ina watu karibu milioni 8 wanaoishi na VVU, na wodi za hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, zimewapokea wagonjwa wa nimonia hii kwa miaka mingi. Ndiyo maana mtu akifika anahema, ana kikohozi kikavu, na eksirei inaonyesha ukungu kwenye mapafu yote mawili, huulizwa kwanza kuhusu VVU. Swali hilo ni la haki kabisa. Hatari iko pale jibu linapokuja hasi, maana ni rahisi shaka nayo ikaishia hapo.

Mgonjwa wa saratani naye kinga yake huporomoka, tena kwa njia inayofanana. Mwenye uvimbe wa ubongo hupewa deksamethasoni ili ubongo usizidi kuvimba. Mwenye saratani ya titi iliyofika kwenye uti wa mgongo na kuubana hupewa hiyo hiyo. Deksamethasoni ni moja ya dawa za steroidi, na dawa hizi zina faida kubwa. Lakini hupunguza seli za CD4, zile zile zinazoshambuliwa na VVU. Kiwango cha tahadhari kinachotajwa sana na wataalamu ni hiki: miligramu 20 za prednisoloni, steroidi nyingine, kwa siku, kwa muda wa mwezi au zaidi. Kwa deksamethasoni, miligramu 3 tu zinatosha kufikia kiwango hicho. Na mara nyingi nimonia hulipuka dozi inapopunguzwa, wakati nyumbani watu wameanza kumshukuru Mungu kwamba mgonjwa wao anapata nafuu.

Kwa mwenye VVU ugonjwa huu huja polepole, wiki kwa wiki. Kwa mgonjwa wa saratani unaweza kumfikisha kwenye mashine ya kupumulia ndani ya siku chache, na huua zaidi. Fangasi zenyewe huwa chache kwenye mapafu yake, hivyo darubini inaweza isizione. Flukonazoli, dawa tuliyoizoea kwa fangasi, haifui dafu hapa. Hata kifua kikisikilizwa, kinaweza kusikika safi. Ila mfungie mgonjwa kidoleni kile kipimo cha oksijeni: amekaa, kinasoma asilimia 94. Mtembeze hadi mwisho wa korido na kumrudisha, kinashuka hadi 85. Huyo si wa kurudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi.

Wapo watakaosema saratani hapa mkoani Gauteng ina shida kubwa zaidi. Kweli. Foleni ya wagonjwa wanaosubiri matibabu ya mionzi ilifika hadi Mahakama Kuu ya Johannesburg, iliyotoa hukumu dhidi ya idara ya afya ya mkoa mnamo Machi 2025. Lakini mionzi inahitaji mashine, zabuni na wataalamu. Dawa ya kuzuia nimonia hii ni septrin, kidonge cha bei ndogo ambacho Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walikipendekeza kwa wenye VVU barani Afrika tangu mwaka 2000. Kimo kwenye dirisha lile lile la dawa analopitia mgonjwa wa saratani, na hakuna foleni ya mashine ya kukisubiri.

Usikimbilie kukinunua mwenyewe. Septrin haiwafai wenye mzio wa dawa za salfa, na ikikutana na methotreksati inaweza kudhuru uboho. Muulize daktari wako wa saratani: nitameza steroidi hizi kwa muda gani, na je, nahitaji septrin? Ukianza kuhema kwa kazi ndogo tu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe dawa zako zote.

Nanyi waganga na wauguzi wa zamu, kipimo cha VVU kikitoka hasi, tazameni orodha ya dawa anazomeza kabla hamjaiondoa nimonia hii kwenye hesabu.