Kompyuta Kuukuu Ikikataa Linux, Tuanzie Wapi?

(Mazungumzo na vijana na viongozi wa vikundi, Muthetheni)

Nimeombwa niongee juu ya zile kompyuta za mezani zilizofunikwa kitambaa ofisini, watu wakisema zimekufa. Nawaambia, nyingi hazijafa. Zimelemewa na mzigo tu.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani. Basi tutaambiwa: tupa hiyo, nunua nyingine. Lakini pesa ya kununua nyingine ni karo ya mtoto wa mtu. Linux, iliyoanzishwa na mwanafunzi Linus Torvalds kule Ufini mwaka 1991, haidai ada ya leseni. Shida ni kwamba kijana anajaribu kuiweka, inakwama, anakata tamaa. Hebu tuone inakwamia wapi.

Kabla ya yote, okoeni kumbukumbu. Daftari la michango ya kikundi likiwa ndani ya mashine hiyo, linakilini kwenye flashi diski mbili, na mzifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Kuweka Linux kwenye diski nzima kunafuta kila kitu, na hakuna fundi wa kuahidi kukirudisha. Kikundi kikipoteza hesabu, kimepoteza kuaminiana.

Sasa tufuate utaratibu. Mama wa mwethya hachimbi tuta kabla ya kupima mteremko.

Kwanza, vumbi na memori. Mashine ikilia pii-pii na skrini ikabaki nyeusi, mara nyingi memori haijakaa sawa. Chomoa waya wa stima, toa kibao cha memori, sugua meno yake ya dhahabu polepole kwa raba ya penseli, kisha ukirudishe mpaka vishikio vijifunge. Vumbi letu la kiangazi mnalijua. Lipulizeni, hasa kwenye feni.

Pili, aina ya prosesa. Ziko za biti 32 na za biti 64. Ukiona maandishi kwamba Linux inahitaji "x86-64" lakini imepata "i686", mashine si mbovu. Umeipa nakala isiyo yake. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena nakala ya kuweka kwenye mashine za biti 32. Debian 12, ya mwaka 2023, inayo. Chukua hiyo.

Tatu, mashine haioni flashi. Bonyeza F2 au Delete mara inapowaka, uingie kwenye mipangilio, uweke flashi iwe ya kwanza kusomwa. Kompyuta nyingine kuukuu hazijui kuwaka kwa flashi kabisa. Hizo tumia CD. Na kama nakala uliipakua kwa bando iliyokuwa ikikatika-katika, ilinganishe na namba yake ya uhakiki. Faili lililopungua hukwama katikati, na mtu analaumu mashine bure.

Nne, skrini inazimika baada ya Linux kuanza. Hapo kadi ya picha haielewani na mfumo. Kwenye orodha ya mwanzo bonyeza herufi "e", enda mwisho wa mstari unaoanza na "linux", ongeza neno "nomodeset", kisha bonyeza F10. Picha itakuwa ya kawaida tu, lakini kazi itaendelea.

Tano, hili linasumbua sana: saa. Kompyuta iliyokaa miaka bila kuwashwa, betri yake ndogo huisha, na tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Ukiingia kwenye intaneti, kila tovuti inakataa, maana hati yake ya usalama inaonekana ni ya wakati ambao haujafika. Kuleta programu nako kunashindikana. Watu wanabadilisha waya, wanagombana na kampuni ya simu, kumbe ni betri ya CR2032, ya volti 3, ya duara kama sarafu. Ibadilishe, weka tarehe sahihi, jaribu tena.

Sita, imekubali lakini inajikokota. Debian yenye madirisha inataka memori ya angalau gigabaiti 1, na 2 ni afadhali. Chagua Xfce au LXDE, ambazo ni nyepesi. Lakini diski ikigonga ko-ko-ko, acha kila kitu, toa kumbukumbu zako, tafuta diski nyingine. Hapo Linux haiponyi.

Neno la mwisho ni kwa vijana. Wekeni daftari kando ya mashine. Andikeni mlichobadilisha, tarehe, na kilichotokea. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, si vitatu, la sivyo hamtajua kipi kimeponya. Stima ikiyumba-yumba, ngojeni. Ikikatika katikati ya kazi, mtaanza upya. Na mama akija kuuliza hesabu ya kikundi, msimwambie "wewe hutaelewa". Mkalisheni kwenye kiti, ashike kibodi mwenyewe.

Anayetaka kuanza, alete mashine yake, bisibisi na raba.