Ulizeni Kabla ya Kuonja
Mazungumzo na wanafunzi wageni na wenyeji wao, Bukoba na Muleba



Mmetoka nchi nyingine kuja kusoma Kagera, na sehemu ya masomo hayo imo sahanini. Hatukuja kuwatisha. Ndizi zilizopikwa kwa maharage, samaki wa Ziwa Viktoria na senene ni vyakula vya heshima, na anayekaribishwa navyo amethaminiwa. Tunaomba jambo moja tu: ulizeni kabla ya kuonja.

Tuanze na senene. Msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba, ambapo hunaswa usiku kwa taa kali na mabati. Huondolewa mbawa na miguu, kisha hukaangwa. Lakini senene wana protini inayofanana na ile ya kamba na kaa wa baharini. Mtu anayedhurika kwa kamba, akavimba midomo au kubanwa pumzi, aweza kudhurika vivyo hivyo kwa senene. Hapa ndipo tunapoiogopa haya ya mgeni: anaijua hali yake, lakini hunyamaza ili asimvunjie mwenyeji heshima. Mwanafunzi, sema mapema, kabla chakula hakijaandaliwa. Nanyi wenyeji, mgeni akikataa, msimshurutishe hata kwa mzaha. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, mpelekeni hospitali papo hapo, msingoje asubuhi.

Mnunuapo sokoni, senene wabichi wapikwe siku hiyo hiyo. Waliokaangwa wawe wakavu, wasinuke mafuta yaliyochacha. Wakiwa katika pakiti, tafuteni jina la mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Bei na kipimo viulizwe kabla ya kufungiwa mzigo.

Mtapewa pia kahawa ya kutafuna, ishara ya kale ya ukarimu. Ni robusta, yenye kafeini nyingi kuliko arabika. Punje chache zatosha, hasa kwa asiyezoea.

Kuhusu rubisi, pombe ya ndizi na mtama, ulizeni kama maji yaliyotumika yalichemshwa. Gongo ni jambo lingine kabisa: kuinywa si kuonja utamaduni. Hutengenezwa kwa siri, hakuna aliyeipima, na yaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi twaongeza kwamba mgeni naye apone. Swali lililoulizwa kwa adabu halimtukani mpishi. Humpa nafasi ya kueleza kazi ya mikono yake, nanyi mkala kwa furaha na kwa amani.