Programu ya "simu zote" na mkulima mwenye kitochi



Wiki hii nataka kuzungumzia ahadi ambayo viongozi wa vyama vya ushirika vya kahawa kule Moshi wanaweza kupewa na fundi yeyote wa kompyuta: "Nitawatengenezea programu moja, itafanya kazi kwenye simu zote."

Ahadi hiyo ina ukweli wake. Zamani mwenye kutaka programu ya simu aliiandikisha mara mbili: mara ya kwanza kwa simu za Android, mara ya pili kwa iPhone. Lugha mbili, mafundi wawili, malipo mawili. Ndipo vikaja vyombo vya kuandikia mara moja tu, kama React Native ya Facebook mwaka 2015 na Flutter ya Google, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 2018. Mkulima wa Kilimanjaro hashindwi kulielewa jambo hili. Kahawa ya Machame, Marangu na Rombo haikuhitaji kila kijiji kijenge kiwanda. Ilishushwa Moshi ikakobolewa pamoja.

Lakini kiwanda kina mwenyewe. Adobe iliacha kuendeleza PhoneGap mwaka 2020, na Microsoft ikaacha kuihudumia Xamarin mwezi Mei 2024. Waliokuwa wakivitegemea vyombo hivyo ikawabidi wahame, na kuhama ni gharama. Je, chama kimeiweka gharama hiyo katika bajeti yake?

La pili ni zito zaidi. Hizo "simu zote" ni aina mbili tu, na zote ni simu janja. Mzee aliyeko kihambani kwake Uru, mwenye kitochi mfukoni, hayumo. Na mzee huyo huyo huangalia salio lake la M-Pesa kwa kubonyeza *150*00#, bila intaneti. Huduma hiyo ilipoingia nchini mwaka 2008 haikumwambia akanunue simu nyingine kwanza.

Sisemi programu zisitengenezwe. Nasema viongozi, kabla ya kutia saini, wahesabu: wanachama wangapi wana simu janja, na wangapi wana kitochi? Huyu wa kitochi naye apewe njia ya kujua kilo zake na malipo yake. Wakulima walipoanzisha KNCU mwaka 1933, walitaka kuuza kahawa yao kwa sauti moja. Taarifa za mauzo zikiwafikia wenye simu janja peke yao, ushirika utakuwa na wanachama wanaojua na wanachama wanaosimuliwa.