KULINDA BETRI ZA CHAMA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumetakiwa na Halmashauri tueleze kwa nini taa za chumba chetu cha mikutano zilizimika mwaka jana, na yafaa kufanywa nini zisizimike tena. Twaomba mtusikilize kwa saburi, kwa kuwa habari hii ina mambo mawili: moja ni la betri, na la pili ni la haki.

Mwakumbuka ya kuwa tulichanga fedha miezi 8, tukanunua paneli za jua na betri 4 za asidi, zile za kutiwa maji, kila moja ya volti 12. Hazikumaliza miezi 14. Taa zikawa zafifia saa mbili za usiku, na wanafunzi wa darasa la usiku wakarudi nyumbani kabla ya wakati. Ndipo sisi wa kamati tukamshika mlinzi wetu. Tukasema, huyu huchaji simu za watu, ndiye aliyemaliza betri. Tukataka akatwe mshahara wa miezi 2. Naye alitujibu maneno machache: "Wazee wangu, pimeni betri kwanza, kisha mnipime mimi."

Basi tukazipima. Mwenzetu mmoja aliyepata kufanya kazi ya betri za taa za mabehewa alileta mita ya volti, akakaa nazo kutwa nzima penye jua kali. Akakuta kwamba kontrola, yaani kile chombo cha ukutani kinachopitisha umeme kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, haikupita volti 13.8 hata mara moja. Hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Betri ya volti 12 ina vyumba 6 ndani yake. Ikipumzika saa chache, haichajiwi wala haitumiwi, iliyojaa huonyesha volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2, imebaki kama nusu. Chini ya 12, imekaribia kwisha. Lakini ili ijae ni lazima isukumwe kwa volti zaidi ya zile ilizo nazo, kama vile maji yasivyopanda kwenye tangi la stesheni bila pampu. Betri za maji kama zetu hutaka volti 14.4 hadi 14.8, zikae hapo saa mbili tatu, kisha kontrola ishuke mpaka 13.5 hivi, kuzilinda tu zisipungue. Kwa volti 13.8 betri hujaa polepole mno, na jua huchwa kabla hazijajaa. Betri isiyojazwa siku baada ya siku, sahani zake za risasi huota ukoko mweupe. Ukoko huo ukikaa huwa mgumu, na sehemu ile ya sahani haifanyi kazi tena.

Kosa la pili lilikuwa upande wa kutoa. Kontrola ilikuwa ikikata taa kwenye volti 10.8, yaani baada ya betri kukamuliwa kabisa. Wazee walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Betri ya namna hii ikitumiwa mpaka nusu tu hudumu miaka mingi zaidi kuliko ile inayomalizwa kila usiku.

Nani aliweka namba hizo? Fundi aliyekuja kufunga aliacha chombo kama kilivyotoka sandukuni. Nasi hatukumwuliza. Kitabu cha maelezo tulikikuta kabatini, karatasi yake ya nailoni haijapasuliwa bado.

Sasa tumenunua betri nyingine, na haya ndiyo tunayowaomba wote mwangalie:

1. Tazameni kwanza aina ya betri. Hizi za maji tunazijaza kwa volti 14.4. Za jeli zisipite 14.2 hivi, kwa kuwa zikiharibika hazitiwi maji. Za lithiamu zina namba zake mbali. Fuateni maandiko ya mwenye kuzitengeneza.

2. Angalieni joto. Namba hizi ni za joto la digrii 25. Kila digrii ikizidi, punguzeni kama volti 0.03 kwa betri ya volti 12. Chumba chetu huku nyikani hufika digrii 35 mchana, basi 14.4 inakuwa 14.1. Ndugu zetu wa Limuru, penye digrii 15, wataongeza mpaka 14.7. Kontrola yenye waya wa kupimia joto hufanya hesabu hii yenyewe, mradi waya ubandikwe kwenye betri.

3. Taa zikatwe kwenye volti 11.8, zirudi kwenye 12.6.

4. Volti zikizidi, maji hugeuka gesi, sahani zikaachwa wazi. Tazameni maji kila mwezi, mtie maji ya betri tu, si ya mfereji. Gesi hiyo yaweza kulipuka, kwa hiyo dirisha liwe wazi, na mtu asivute sigara humo.

5. Wakati wa kufunga, betri huungwa kwanza kwenye kontrola, ndipo paneli. Wakati wa kufungua, paneli hutolewa kwanza.

6. Volti ziandikwe daftarini kila asubuhi kabla jua halijachomoza.

Tumalizie kwa jambo la haki. Mlinzi wetu alikuwa na daftari lake. Ameandika kila usiku simu alizochaji: tatu, mbili, tatu. Tukapiga hesabu. Simu tatu hazifiki umeme wa taa moja ya wati 9 ikiwaka usiku kucha. Na simu zenyewe zilikuwa zetu sisi wanachama.

Ndugu, sisi watu wa reli twajua uchungu wa kukatwa mshahara kwa kosa ambalo hukusikilizwa. Kwa ajili hiyo tulijiunga na chama. Kisha siku ile tulipokuwa sisi wenye kuajiri, tulifanya yale yale tunayoyalalamikia. Kamati imekwisha kumwomba radhi kwake nyumbani, lakini tulimshitaki mbele ya mkutano, na yafaa radhi nayo isemwe mbele ya mkutano. Twaisema sasa.

Tena twaomba mkutano upitishe ya kuwa hakuna mtumishi wa tawi hili atakayekatwa hata senti moja kabla hajasikilizwa. Daftari la volti tumemkabidhi yeye, kwa kuwa ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa akiandika.