Mohamed Amin: Mkenya Aliyeionyesha Dunia Njaa



Mpigapicha Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943. Mnamo Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, akawapiga filamu watu waliokuwa wakifa kwa njaa. BBC ilipoionyesha, dunia ilishtuka na misaada ikamiminika.

Mwaka wa 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa. Alivalishwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996, ndege aliyoabiri ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Tuzo alipata nyingi. Lakini vijana, simu zenu zina kamera. Kabla ya kusambaza picha, jiulizeni: itamsaidia nani?