Jim Reeves Mlimani: Santuri ya Krismasi na Safari ya Kurudi Kihambani



Ikikaribia Krismasi, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, na nchi nzima hututania kwamba Wachagga tunakwenda kuhesabiwa. Ukishuka stendi hapa Moshi, kabla hujapata gari la kupanda mlimani, unapokewa na sauti nzito ya mwanamume wa Kimarekani kutoka dukani, akiimba taratibu kana kwamba mtoto amelala chumba cha pili. Huyo ni Jim Reeves. Santuri ninayoizungumzia leo ni *Twelve Songs of Christmas*, iliyotoka mwaka 1963, mwaka uleule Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa mjini hapa.

Reeves alizaliwa Texas mwaka 1923. Alicheza besiboli, kisha akawa mtangazaji wa redio. Mwanzoni alipaza sauti kama waimbaji wengine wa kantri wa wakati wake. Mwaka 1957, aliporekodi "Four Walls", aliishusha, akasogeza mdomo karibu na kipaza sauti, na kila neno likasikika. Kwa mtu aliyejifunzia Kiingereza ubaoni, huyu alikuwa mwimbaji wa kumfuata mpaka mwisho wa ubeti bila kupotea njiani. Marehemu baba yangu alimfuata hivyo, kalamu mkononi.

Hata hivyo, matamshi peke yake hayatoshi kueleza mapenzi haya. Nimeamini kwa miaka mingi, na leo nalisema hadharani, kwamba albamu ile ilikuta masikio yetu yamekwisha kuandaliwa. Mapadre walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakaja 1893. Wakaleta nyimbo za sauti nne, na baadaye matarumbeta ambayo mpaka leo yanatuamsha Jumapili. Wimbo wa usiku mtakatifu, ulioimbwa kwa mara ya kwanza Austria mwaka 1818, ulikuwa umekwisha kuwa wa kwetu siku nyingi kabla Reeves hajauweka kwenye santuri yake. Bibi zetu walipomsikia walitambua wimbo wa kanisani, ila umepunguzwa mwendo. Na kantri yenyewe imelelewa na makanisa ya kusini mwa Marekani. Zilikutana nyimbo za ukoo mmoja.

Kisha kuna "Blue Christmas", wimbo wa anayesherehekea bila ampendaye. Hapa naomba tutulie kidogo. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kina migomba, kahawa na makaburi ya babu zetu, lakini hakikatiki mara nyingi kiasi cha kuwatosha wana wote. Ndiyo maana watoto wa mlimani wametawanyika Arusha, Nairobi na Dar es Salaam wakitafuta riziki, na ndiyo maana Desemba ina uzito huu. Mbuzi anachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, aliyekosana na nduguye anampelekea jani la sale kuomba msamaha. Lakini daima kuna mmoja ambaye hakurudi, na mama anajua ni nani bila kuhesabu. Mwimbaji wa Texas hakuwa na habari nasi, ila huzuni hiyo aliiweka mahali pake.

Reeves mwenyewe aliishi Krismasi moja tu baada ya albamu hiyo kutoka. Tarehe 31 Julai 1964, akirusha ndege ndogo katika dhoruba karibu na Nashville, alianguka akafa. Alikuwa na miaka 40.

Wala Reeves hakuwa mwimbaji wa kwanza wa kantri kupendwa Afrika Mashariki: mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakimwimba "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyewafikia kwa gramafoni. Tunayajua hayo kwa sababu alikuwepo mtu mwenye kinasa sauti.

Basi nanyi, wanafunzi wangu, mkipanda nyumbani Desemba hii, waulizeni wazee santuri ya kwanza iliingiaje nyumbani, nani aliinunua, na kwa fedha ya kahawa ya msimu gani. Warekodini wakiwa bado wanakumbuka. Nanyi wenye santuri na kaseti hizo darini, nawasihi msizitupe, zileteni maktaba.